Mtu wa Ncha ya Pili: Hotuba kuhusu Uzi wa Chaki

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi na walezi mliopanda kilima hiki tangu asubuhi, na ninyi wahitimu wa uashi, useremala, umeme wa majumbani, uwekaji wa vigae na ushonaji: mwangaluka.

Nilipoalikwa kuzungumza nanyi niliombwa nichague mada ya kuwatia vijana moyo, na nadhani waandaaji walitarajia kwamba ningezungumzia mikopo, zabuni na kujiajiri. Mambo hayo yana wasemaji wake, na baadhi yao wako hapa meza kuu. Mimi nimekuja na uzi.

Walio nyuma huenda hawauoni vizuri, kwa hiyo nitaueleza. Hili ni kopo dogo la plastiki lenye umbo la tone la maji, linaloenea kiganjani. Ndani yake mna uzi wa pamba uliozungushwa kwenye kigurudumu chenye mkono wa kuzungushia, na unga wa chaki ya bluu unaoupaka uzi huo kila unapotoka. Kazi yake huchukua muda mfupi kuliko maelezo yake: watu wawili huushika uzi kwenye alama mbili, huuvuta mpaka ukakakamaa, mmoja wao huunyanyua kwa vidole viwili na kuuachia, nao hugonga sakafu au ubao na kuacha mstari. Mafundi tunaita kupiga uzi. Sijui chombo kingine kinachotoa mstari wa mita 10 kwa bei ndogo namna hii, na nadhani ndiyo sababu kinadharauliwa, maana tumezoea kukiheshimu chombo kwa kadiri ya bei yake.

Kabla ya makopo haya kujaa madukani tulitumia uzi wowote uliopatikana. Wapasua mbao waliuchovya katika masizi ya mkaa yaliyokorogwa na maji, waashi waliutumbukiza katika ile rangi nyekundu ya unga ya kupigia sakafu, na maseremala wengine walipasua betri kuukuu za redio na kuupitisha uzi katika unga wake mweusi, tabia ambayo siwashauri muirithi, kwa kuwa unga ule una manganizi na haufai kuvutwa puani. Lakini uzi wenyewe ulipaswa kuwa wa pamba, au wa kusokotwa wenye vinyweleo, kwa sababu vinyweleo ndivyo vinavyobeba unga. Nailoni huteleza na haishiki kitu. Nailoni ni ya kupangia kozi za tofali, mahali ambapo uzi unakaa siku nzima na hautakiwi kuacha alama yoyote. Wengi wenu mnatumia uzi mmoja kwa kazi zote mbili. Nimepita kwenye karakana zenu nikawaona. Ni aibu kidogo katika mji wetu wa Mwanza, uliolelewa na pamba kabla ya kulelewa na sangara, mji ambao mwaka 1955 wakulima wa kanda hii, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliunganisha vyama vyao katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria ili wapate bei ya haki kwa zao hilo. Kopo nililolishika limetengenezwa ng'ambo, na uzi wake pia. Tuliache hilo.

Lugha yetu inaujua uzi huu kuliko sisi wenyewe. Neno mstari tumelipata kutoka Kiarabu, na katika Kiarabu mistara ni ubao uliofungwa nyuzi sambamba, ambao wanakili wa vitabu waliuweka chini ya karatasi na kuikandamiza kwa kidole mpaka nyuzi zikaacha alama za kufuatwa na kalamu. Warumi nao walisema linea, kutoka linum, yaani kitani, mmea wa kusokotea nyuzi, na humo ndimo lugha nyingi za Ulaya zilimotoa neno lao la mstari. Watu wa lugha mbili zisizo na undugu walipotaka kuupa unyoofu jina hawakutazama upeo wa ziwa wala mwale wa jua. Walitazama uzi uliovutwa.

Sasa nizungumzie namna uzi unavyodanganya, maana somo hili hufundishwa kwa haraka mno. Uzi uliovutwa mlalo kati ya misumari miwili haunyooki kamwe. Una uzito, na uzito huo huushusha katikati hata kama ungevutwa na jozi ya maksai. Chukueni uzi wenye uzito wa gramu 1 kwa kila mita, muuvute kwa nguvu ya kuinulia kilo 4, ambayo mkono wa mtu huimudu bila shida: ukiwa na urefu wa mita 10, katikati utashuka kwa milimita 3 hivi. Mkiufupisha uwe mita 5 kwa nguvu ileile, hautashuka kwa nusu ya hapo bali kwa robo, yaani pungufu ya milimita 1, kwa sababu urefu ukiongezeka mara mbili mshuko huongezeka mara nne. Ndiyo maana fundi mzoefu anayepiga mstari wa mlalo ukutani, iwe ni wa vigae vya jikoni au wa soketi za umeme, huweka alama ya tatu katikati kwa pimamaji, huukandamiza uzi hapo kwa dole gumba, kisha hupiga kila upande peke yake. Sakafuni hali ni nyingine. Huko uzi unashuka kuielekea sakafu yenyewe, na ukiutazama kutoka juu haukupinda kwenda kushoto wala kulia. Mshuko wote umemezwa. Uzi uleule katika mikono ileile unapinda ukutani na unanyooka sakafuni. Nilifanya kazi hii miaka mingi nikilijua jambo hilo kwa mazoea tu, na siku nilipoelewa sababu yake nilifurahi kama mtoto.

Kidole nacho kina makosa yake. Uzi ukinyanyuliwa wima kutoka sakafuni na kuachiwa hurudi kwa njia ileile uliyopandia. Ukinyanyuliwa kwa kuinamia upande mmoja, kwa kuwa fundi amechutama vibaya au anawahi chakula cha mchana, hurudi kwa upinde na mstari hutoka na tumbo. Tena usipigwe mara mbili, kwa maana mstari wa pili hauangukii juu ya wa kwanza, na atakayekata baadaye hatajua aufuate upi. Kuhusu unga sitasema mengi: bluu hufutika kwa kitambaa, ilhali nyekundu yenye oksidi ya chuma huganda katika saruji na kujitokeza hata juu ya rangi ya ukuta, kwa hiyo si ya kutumia mahali patakapoonekana. Wale mtakaofanya kazi karibu na maji, Kirumba, Igombe au visiwani, mtaona wakati wa masika unga umenyonya unyevu na kuwa madonge ndani ya kopo. Uanikeni juani kabla ya kumlaumu muuza duka.

Wageni hutushangaa kwa kuzungumza habari za mstari katika mji kama huu. Ukiitazama Mwanza kutoka ziwani, huoni mistari. Unaona nyumba za Igogo na Mabatini zimekaa kama kuku walioatamia katikati ya mawe, kila moja imegeukia upande ulioruhusiwa na jiwe lake. Graniti hii ina umri unaozidi miaka bilioni 2.5 na haijawahi kumpisha fundi. Uzi ukipigwa juu ya jiwe lisilochongwa hugusa vichwa vyake tu na kuacha nukta nukta, hivyo huku kwetu tunauvuta uzi juu kabisa, ukielea hewani juu ya mawe, kisha tunateremsha alama moja moja kwa timazi, yaani uzi unaoning'inia wenye uzito nchani, mpaka zifike chini. Babu zetu wa Kisukuma walilikwepa tatizo hilo kwa msonge. Duara huhitaji kigingi kimoja na kamba moja inayozunguka, na nyumba ya duara haina kona ya kukosewa. Hata hivyo msidhani kwamba aliye na kazi ya kupinda hauhitaji unyoofu. Nendeni kwa waunda mitumbwi mwaloni mkawaulize ubavu wa mtumbwi unapataje mpindo ulio sawa pande zote mbili. Watawaonyesha mkuku, yaani ule uti wa mgongo wa mtumbwi, na juu ya mkuku uzi wa katikati uliovutwa kutoka omo hadi tezi, ambao kutoka kwake hupimwa kila taruma, yaani kila ubavu wa ndani, kushoto na kulia. Bila mstari huo mtumbwi ungepinda kwa namna mbili tofauti, na ungezunguka majini kama mlevi.

Niruhusuni sasa nisimulie kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha haya kuliko darasa.

Nilikuwa na miaka michache tu kazini nilipopewa kazi ya kuweka vigae katika nyumba moja ya mlimani, upande wa Bugarika. Ilikuwa na korido ya mita 9. Nilipima sentimita 60 kutoka ukutani upande wa mlangoni, nikapima sentimita 60 kutoka ukuta uleule upande wa mwisho, kisha nikamwita saidia fundi wangu, kijana wa umri kama wenu, akashike ncha ya pili. Tulivuta, nikapiga. Mstari ulitoka safi kiasi kwamba nilirudi nyuma hatua tatu kuutazama. Yule kijana, akiwa bado amechutama kule mwisho, akasema, "Fundi, huku naona kama hapajakaa." Nikamwambia ashike uzi, asiongee. Tulifanya kazi siku mbili kwa kuufuata mstari ule, na siku ya tatu tulipoufikia ukuta wa upande wa pili, kigae cha mwisho mlangoni kilitakiwa kuwa na upana wa sentimita 14, na kile cha mwisho wa korido sentimita 7. Mtu aliyeingia aliiona kabari ile kabla hajamwona mwenye nyumba.

Uzi haukuwa na kosa. Ulikuwa wa pamba, ulivutwa vizuri, ulinyanyuliwa wima, ulipigwa mara moja. Ukuta nilioupimia ndio uliojengwa segemnege na aliyenitangulia, nami niliuamini kwa sababu tu ulikuwa umesimama pale kabla yangu. Mstari wangu uliziunganisha alama mbili mbovu kwa unyoofu kamili. Nilinunua vigae vipya kwa fedha yangu, tukabandua vile vya kwanza, na kijana yule alinisaidia kuvibandua bila kutamka neno lolote, jambo lililoniuma kuliko gharama. Sikumwomba radhi siku ile. Nilimwomba miaka mingi baadaye tulipokutana kwenye kivuko, naye alikuwa amekwisha kulisahau jambo lenyewe, akawa anacheka kwa adabu ya mtu asiyekumbuka.

Tangu hapo nimekuwa nikilirudia jambo moja kwa kila ninayefanya naye kazi, na ndilo lililonileta hapa leo: uzi unajua kunyooka, lakini haujui kama pale uliposhikwa ni mahali sahihi. Hilo linaweza kujulikana na walioshika ncha tu, na wanapaswa kulijua wote wawili.

Kwa waashi kuna namna ya kulihakiki, nayo ni mshazari, yaani mstari unaokata kutoka kona hadi kona. Mkianzia kwenye kona ambapo nyuzi mbili zinakutana, pimeni mita 3 kwenye uzi mmoja, mita 4 kwenye uzi wa pili, na kati ya alama hizo mbili mkipata mita 5 kamili pembe ni mraba. Kwenye msingi wa mita 12 kwa 9 mshazari lazima uwe mita 15, na mishazari yote miwili ilingane. Mmoja ukizidi mwingine hata kwa sentimita 2, nyumba imelala upande, na ni afadhali kuvihamisha vigingi siku hiyo kuliko kubishana na fundi wa kupaua miezi sita baadaye kwa nini bati halifiki kwenye kona. Niwaombe pia mlitambue hili, kwamba uzi hauhakikiwi kwa uzi mwingine ulio sambamba nao. Ukivuta nyuzi kumi sambamba na ule mbovu, zote kumi zitaukubali.

Kwa muda mrefu uzi umekuwa mfano wa maadili, na nadhani mfano huo nao unastahili kukaguliwa kwa mshazari. Mwanafalsafa Han Fei wa China, aliyefariki mwaka 233 kabla ya Kristo, aliifananisha sheria na uzi wa wino wa seremala: sheria haimpendelei mkubwa, na uzi haupindi ili kuufuata mti uliopinda. Maneno hayo ni mazuri sana, ingawa mwenyewe alifia gerezani mikononi mwa wakubwa waliokuwa na sheria yao iliyonyooka. Wakristo mlio hapa mnamjua nabii Amosi, aliyeonyeshwa Bwana amesimama kando ya ukuta na timazi mkononi. Waislamu mnaisoma Suratul Fatiha katika kila rakaa, yaani mara 17 kila siku kwa swala za faradhi peke yake, na humo mnaiomba njia iliyonyooka. Angalieni namna ombi lenyewe lilivyo. Ni ombi la kuongozwa, linalotamkwa na mtu asiyedai kuwa anajua alama ziko wapi, tena ni la wingi: tuongoze, si niongoze.

Lakini nilipendalo kuliko yote liko katika Isaya, sura ya 44. Seremala ananyoosha uzi juu ya mti, anauchora, anauchonga kwa vyombo vyake mpaka unapata umbo la mtu mwenye uzuri, kisha anausujudia na kuuomba umwokoe, huku vipande vya mti huohuo akiwa amevitia motoni, akaota, akaoka mkate. Nabii anamcheka seremala huyo bila huruma, ila hasemi popote kwamba mstari wake ulipinda. Kazi ilikuwa safi. Kilichokosewa kilikosewa kabla uzi haujavutwa, na hakuna ustadi wa mkono ambao ungeweza kukirekebisha. Ninapowasikia watu wakimsifu kiongozi, mfanyabiashara au hata mzazi kwamba amenyooka, hapindi, hatetereki, huwa natamani kuuliza alipimia kutoka ukuta gani.

Tunaoishi ufukweni mwa ziwa hili tunao mfano karibu zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita 60 ni kazi ndogo kwa mwenye utepe. Kazi kubwa ni kuujua ukingo, kwa sababu Ziwa Victoria halitulii mahali pamoja. Mwaka 2006 maji yalikuwa yameshuka sana, mpaka watu wakalima mahali ambapo zamani walivua. Mwaka 2020, baada ya mvua nyingi, yalipanda hadi kufikia kiwango cha mwaka 1964, kilichokuwa rekodi kwa zaidi ya nusu karne, na mialo, mashamba na nyumba za kandokando zikaingiliwa na maji. Tuseme mtu mmoja alinyoosha utepe wake mwaka ule wa kwanza na mwingine mwaka ule wa pili, wote wawili kwa uaminifu. Vigingi vyao haviwezi kuwa mahali pamoja, na atakayejenga kwa kukifuata cha kwanza atakuja kuambiwa na maji kwamba amevunja sheria. Ugomvi wa mipaka nilioushuhudia katika kazi yangu, iwe ni wa viwanja au wa kuta za pamoja, mara chache sana ulihusu mstari. Karibu kila mara ulihusu jiwe ambalo mstari ulianzia.

Najua wapo wanaosema moyoni kwamba mzee huyu amechelewa, kwa kuwa siku hizi kuna mashine za leza, na Daraja la J. P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 halikunyooshwa kwa kopo la chaki. Ni kweli, hakuna uzi wa kutoka Kigongo hadi Busisi, na kwa hesabu ya mshuko niliyowapa mnaweza kukadiria wenyewe ungezama majini kiasi gani. Leza ni chombo kizuri. Mwanga wake haulegei kama uzi, na ndani ya nyumba sina ugomvi nao, ingawa nje jua la saa saba hapa Mwanza huufifisha mpaka usiuone. Lakini leza nayo huanzia pale ulipoiweka. Ningeiweka kwenye ukuta ule wa Bugarika ingenipa kosa lilelile kwa rangi ya kijani na kwa gharama kubwa zaidi.

Tena iko ndoano hii ndogo mwanzoni mwa uzi, ambayo mnaiona inaning'inia. Imewekwa ili fundi aweze kuipachika kwenye ukingo wa ubao au kwenye msumari na kufanya kazi peke yake. Maseremala wa Japani wana chombo cha wino kiitwacho sumitsubo, ambacho hukichonga kwa ustadi kama pambo, nacho kina sindano nchani kwa kusudi hilohilo. Sikatai kuitumia. Nimeitumia mara nyingi, hasa siku ambazo saidia fundi hakutokea au sikuwa na fedha ya kumlipa. Lakini msumari hauna macho, na hauwezi kukuambia kwamba huku hapajakaa.

Mto Naili unaotoka katika ziwa letu huishia Misri, na huko ziko kumbukumbu za kale sana za kazi hii. Katika makaburi ya Thebes ambayo hayakumalizika bado inaonekana mistari myekundu iliyopigwa kwa uzi uliochovywa katika rangi ya udongo, pamoja na matone yaliyoruka uzi ulipougonga ukuta, kana kwamba fundi ameondoka jana. Na hekalu lilipoanzishwa, Wamisri walifanya ibada waliyoiita kunyoosha kamba. Katika michoro ya ibada hiyo farao amesimama upande mmoja na mungu wa kike Seshat upande wa pili, kila mmoja ana kigingi na nyundo, na kamba imezungushwa kwenye vigingi hivyo viwili. Farao mwenyewe alihesabiwa kuwa mungu na watu wake, na bado mchoraji hakuthubutu kumpa ncha zote mbili.

Wahitimu, wengi wenu hamtaitwa fundi Jumatatu. Mtaitwa saidia fundi, au kijana, au wewe hapo, na kazi yenu ya kwanza itakuwa kubeba maji, kukoroga zege na kushika ncha ya pili. Msiione kuwa ndogo. Mtu wa ncha ya pili ndiye peke yake katika jengo zima anayeiona alama ile kwa karibu; fundi yuko mita 9 kutoka hapo na anaona mgongo wake tu. Ukiona hapajakaa, sema, kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika, na ukiambiwa usiongee, sema mara ya pili kabla hujashika. Na mtakapokuwa mafundi, kama ambavyo baadhi yenu mtakuwa upesi kuliko mnavyodhani, wekeni desturi tuliyonayo sisi tangu siku ya kabari ile: anayenyanyua uzi hauachii mpaka mwenzake aseme "piga". Neno hilo halisemwi na fundi. Linasemwa na aliye ng'ambo, baada ya kutazama, na asipolisema kazi inasimama, hata kama mwenye nyumba amesimama mlangoni anatazama saa yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakuomba ruhusa niichafue kidogo sakafu ya jukwaa hili. Ni chaki ya bluu na itafutika kwa kitambaa. Asubuhi kabla hamjafika niliweka alama mbili hapa chini, moja karibu na meza yako na nyingine kule kwenye ngazi. Niliziweka peke yangu, kwa haraka, na sijazikagua. Namwomba mhitimu mmoja wa ushonaji aje, wewe binti uliye mstari wa mbele, kwa kuwa chaki na utepe unavijua kuliko hawa waashi wanavyodhani. Njoo, mwanangu. Shika ncha hii, lakini kabla hujaiweka chini chukua utepe huu upime kutoka ukutani, kisha upime tena kutoka kwenye ngazi. Usinitazame mimi, tazama alama. Nimenyanyua, nakusubiri wewe useme.